Fursa kwa Wanachama

Hakuna anayesoma jarida la wanachama wa chama cha kitaaluma kwa starehe. Linasomwa kwa njaa. Mbele kuna salamu za rais wa chama, unaziruka. Kuna picha za mkutano wa mwaka, watu wazima wenye beji shingoni wakitabasamu mbele ya bango, unazipita. Unashuka hadi kule chini kabisa, kwenye kile kilichokuleta: nafasi za kazi, ruzuku za utafiti, ufadhili wa uzamifu, mwito wa makala, tuzo ambayo mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa saa sita usiku kwa saa za nchi ambayo hujawahi kufika. Rafiki zangu waliosomea sosholojia wanaishi kwenye safu hiyo. Mmoja ana jedwali kwenye simu, nyekundu kwa waliomkataa, manjano kwa walionyamaza. Manjano ndiyo nyingi.

Nimekuwa nikijiuliza hiyo safu ilitoka wapi. Maana ukifikiria vizuri, ni kitu cha ajabu. Idara ya chuo kikuu inamwambia mtu isiyemjua, popote alipo: tuna kiti kitupu hapa, njoo ujaribu. Kwa sehemu kubwa ya historia ya taaluma hii hakuna idara iliyofanya hivyo. Kazi ilipatikana kwa barua kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mzee mwenzake: nina kijana hapa, ni mzuri, mchukue. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa mambo hayo. Tunalo jina lake na wengine wetu tunajua hata bei yake.

Njia rahisi ya kuifuata historia hiyo ni kufuata barua za maombi za mtu mmoja. W.E.B. Du Bois alizaliwa mwaka 1868 Great Barrington, mji mdogo wa Massachusetts, miaka mitatu tu baada ya vita vilivyomaliza utumwa Marekani. Alifariki Accra mwaka 1963. Katikati hapo aliandika vitabu, alianzisha vyama, alishtakiwa, alinyang'anywa pasipoti. Lakini kabla ya yote hayo alikuwa kijana mwenye vyeti vizuri anayetafuta ufadhili.

Mwaka 1890 Rutherford B. Hayes, aliyekuwa rais wa Marekani na wakati huo mkuu wa Mfuko wa Slater uliosaidia elimu ya watu Weusi, alihutubia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Gazeti likaripoti kwamba alisema hivi: Mfuko uko tayari kumgharamia kijana Mweusi akasome Ulaya, ila tatizo ni kwamba hawajampata anayefaa. Waliompata, walimpata msema maneno tu. Du Bois alikuwa Harvard, na ile habari ikamfikia. Akamwandikia Hayes: mimi hapa. Akakusanya barua za kumpendekeza kutoka kwa maprofesa wake, akatuma zote.

Jibu likaja kwamba mpango wenyewe ulikuwa umeshaachwa. Hebu tulia hapo kidogo. Umetangaza mbele ya watu kwamba hakuna anayefaa. Anajitokeza anayefaa, unamwambia hakuna pesa. Kijana wa miaka 23 akamjibu rais mstaafu kwa barua ambayo mimi ningeogopa kuituma kwa afisa wa kata. Alimwambia kwamba yeye kukosa pesa si kitu, lakini kule kutangaza kwamba watu Weusi wamepewa nafasi wakashindwa kuichukua ni madhara makubwa, na kwamba watu hao wanastahili kuombwa radhi. Hayes akalainika. Mwaka 1892 Mfuko ukatoa dola 750, nusu zawadi na nusu mkopo, na Du Bois akapanda meli kwenda Berlin.

Huko alisoma uchumi na takwimu chini ya Gustav Schmoller, alienda opera, alifuga ndevu za Kijerumani ambazo hakuziacha tena. Alitaka shahada ya udaktari ya Berlin, iliyokuwa na hadhi kuliko yoyote ya Marekani. Schmoller alimuunga mkono. Lakini kanuni za chuo zilidai idadi fulani ya mihula, na yeye alikuwa amebakiza. Akaomba Mfuko wa Slater umwongezee mwaka mmoja. Wakakataa. Wenye Mfuko walizidi kuamini kwamba watu Weusi wanahitaji zaidi useremala na ukulima, na huyu alikuwa anasoma falsafa ya serikali.

Kwa hiyo Du Bois, ambaye leo anaitwa baba wa sosholojia, aliondoka Berlin bila shahada, kwa sababu ya pesa. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu hiyo hiyo, na sisemi kwamba tunafanana. Nasema tu kwamba watu wanaposimulia maisha yake hupita hapo haraka sana, wakikimbilia mwaka 1895 alipokuwa mtu Mweusi wa kwanza kupata uzamifu wa Harvard, kana kwamba Harvard ilikuwa ndiyo ndoto. Ilikuwa ya pili.

Alirudi Marekani mwaka 1894 kwa tikiti ya daraja la chini kabisa melini. Kisha akafanya kile ambacho rafiki yangu wa jedwali anafanya, ila kwa wino: akaandikia chuo kimoja baada ya kingine. Vyuo vya Weusi tu, maana vya Wazungu havikuwa na haja ya kujibu. Wilberforce, Ohio, wakampa kazi ya kufundisha Kigiriki na Kilatini kwa dola 800 kwa mwaka. Siku chache baadaye simu ya maandishi ikaja kutoka Tuskegee, kwa Booker T. Washington, ikimpa hisabati. Alikuwa ameshakubali Wilberforce. Alikuja kujiuliza baadaye maisha yake yangekuwaje kama ile ya Tuskegee ingetangulia. Wilberforce aliomba kuongeza somo la sosholojia, bila malipo ya ziada, kwa muda wake mwenyewe. Hapana, wakasema.

Halafu, mwaka 1896, ukaja mwaliko kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Viongozi wa Philadelphia walitaka mtu achunguze maisha ya Weusi wa Wadi ya Saba ya jiji lao, mahali walipoamini uhalifu na rushwa ya kura vinatoka. Mkataba wa mwaka mmoja, mshahara usiofika dola 1,000, cheo cha msaidizi katika sosholojia. Msaidizi, si mwalimu. Jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa chuo. Hakupewa ofisi. Hakupewa darasa.

Akahamia Wadi ya Saba na Nina, mke wake wa miezi michache, kwenye chumba juu ya mkahawa. Kisha akaanza kubisha mlango baada ya mlango. Alibeba fomu za maswali alizozitunga mwenyewe: nani anaishi hapa, alizaliwa wapi, anafanya kazi gani, analipa kodi ya nyumba kiasi gani, anasoma, anaandika, ana wapangaji wangapi. Karibu nyumba 2,500. Wadi ile ilikuwa na karibu watu Weusi 10,000, na alimfanyia kazi hiyo yote mtu mmoja, yeye, isipokuwa sura ya wafanyakazi wa majumbani ambayo Isabel Eaton aliichunguza na kuiandika. Wenyeji hawakumpenda mwanzoni. Walimwona kama wale wanaokuja mtaani na karatasi kuhesabu shida zako halafu hurudi kamwe. Kama umewahi kufanya kibarua cha kukusanya data Kibera au Mathare kwa tableti ya shirika, unajua macho hayo.

Kitabu kilitoka mwaka 1899, The Philadelphia Negro. Alichokiona, na ambacho waliomtuma hawakukitarajia, ni kwamba hakukuwa na kundi moja la "Weusi" pale wadini. Kulikuwa na tabaka: wenye mali, wafanyakazi wa kawaida, maskini, na wale waliozama kabisa. Na kwamba sababu ya umaskini ilikuwa kazi. Aliweka ramani, kila nyumba na rangi ya tabaka lake. Aliandika habari za mafundi wenye ujuzi waliofungiwa nje na vyama vya wafanyakazi, za vijana wenye vyeti wanaobeba mizigo. Kwa maneno mengine, alitumwa kuandika kuhusu tabia, akaandika kuhusu nafasi za kazi. Na yeye mwenyewe, kitabu kikiwa bado hakijachapishwa, mkataba ukaisha. Hakuna aliyemwambia abaki.

Alienda Chuo Kikuu cha Atlanta, kwa dola 1,200 kwa mwaka, kuanzia mwaka 1897. Hapo alijenga kitu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa sosholojia wa Nairobi akijue kabla hajafundishwa kuhusu Chicago. Kila mwaka utafiti wa mada moja: biashara za watu Weusi, kanisa lao, mafundi wao, familia, afya. Kila mwaka mkutano, kila mwaka ripoti. Mpango wake ulikuwa mada kumi zinazorudiwa kila baada ya miaka kumi, kwa karne nzima. Wahitimu wa zamani waliotawanyika vijijini na mijini ndio walikuwa watafiti wake, wengi bila malipo. Mwaka 1900 alipeleka Paris, kwenye maonyesho ya dunia, grafu zilizochorwa kwa mkono na rangi za maji, nyekundu, kijani, manjano, zinazoonyesha maisha ya Weusi wa Georgia. Zitafute utazame. Zinafanana na kitu ambacho mbunifu wa leo angelipwa vizuri kukitengeneza.

Lakini mwaka 1899 mambo mawili yalitokea. Mwezi Aprili mkulima Mweusi aitwaye Sam Hose aliuawa na umati karibu na Newnan, Georgia, akachomwa moto mbele ya maelfu ya watu. Du Bois alikuwa ameandika barua yenye hoja zilizopangwa vizuri, akawa anatembea kuipeleka kwenye ofisi ya gazeti. Njiani akaambiwa kwamba vifundo vya vidole vya Hose vimewekwa dukani, mbele kidogo tu kwenye barabara hiyo hiyo. Akageuka akarudi nyumbani. Mwezi uliofuata mtoto wake wa kwanza, Burghardt, ambaye hakuwa amefika hata miaka miwili, alifariki Atlanta. Aliandika baadaye kwamba huwezi kukaa mwanasayansi mtulivu asiyeguswa huku watu wako wanaangamizwa, na tena kwamba hakukuwa na soko la sayansi ile aliyokuwa anaifanya. Hiyo ya pili ndiyo inayonikaa mimi. Huzuni watu wanaielewa. Kukosa mnunuzi, hapo ndipo wanakaa kimya.

Sasa chama. Desemba 1905, tena pale pale Johns Hopkins, Baltimore, ambapo Hayes alikuwa amesema hampati Mweusi anayefaa, watu takriban 50 walikutana na kuanzisha Jumuiya ya Sosholojia ya Marekani. Kabla ya hapo walikuwa wakikutana kama wageni ndani ya chama cha wanauchumi. C.W.A. Veditz wa Chuo Kikuu cha George Washington alikuwa ameandika barua kiangazi kile kuwauliza wenzake kama wakati umefika. Lester Ward akawa rais wa kwanza. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Du Bois alikuwa amevuka kwenda upande wa Kanada wa mto Niagara na wenzake kuanzisha vuguvugu la haki za raia. Mwaka uliofuata, 1906, Max Weber, aliyekuwa ametembelea Marekani mwaka 1904 na kuandikiana naye barua, alichapisha makala ya Du Bois kwa Kijerumani kwenye jarida lake. Kwa hiyo Ujerumani walimjua.

Nimeisoma orodha ya marais wa jumuiya ile kutoka mwanzo. Yumo Edward Ross, aliyehubiri kwamba Wazungu bora wanajiua wenyewe kwa kuzaa kidogo huku wengine wakizaliana. Yumo Franklin Giddings. Yumo, mwaka 1925, Robert Park, ambaye alifanya kazi miaka kadhaa Tuskegee kama mwandishi na msaidizi wa Booker T. Washington, kabla hajaenda Chicago kuwa gwiji wa utafiti wa mahusiano ya rangi. Du Bois hayumo. Hakuwahi kuwa rais.

Mkenya anaweza kusema hayo ni yao. Si yao peke yao. Giddings alikuwa na mwanafunzi pale Columbia, mzaliwa wa Wales, jina lake Thomas Jesse Jones. Jones alipata uzamifu wake, akafundisha Hampton, akawa mtu wa Mfuko wa Phelps-Stokes, na mwaka 1917 akatoa ripoti nene ya juzuu mbili kuhusu elimu ya Weusi Marekani. Ripoti ilipendelea ufundi na ukulima, na ilivitilia shaka vyuo vingi vya Weusi vilivyofundisha masomo ya juu. Wafadhili waliichukua kama msahafu: aliyesifiwa humo alipata pesa, aliyekosolewa alifunga daftari. Du Bois alimshambulia waziwazi kwenye The Crisis, jarida alilokuwa akilihariri.

Mwaka 1924 Jones alitua Afrika Mashariki na tume yake, akiwemo James Aggrey kutoka Gold Coast. Walizunguka makoloni, Kenya ikiwemo. Ripoti ikatoka mwaka 1925, na mapendekezo ni yale yale: elimu ilingane na mazingira ya Mwafrika, shamba, afya, ufundi, kijiji. Mwaka huo huo ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, kwa msaada wa Carnegie, kufunza walimu wa kuzungukia shule za vijijini. Mkuu wake wa kwanza, James Dougall, alikuwa katibu wa tume. Ukipita Lower Kabete leo ukaona Kenya School of Government, ndiyo shule ile, imebadilisha majina njiani.

Simsingizii Jones kila kitu. Serikali ya kikoloni na wamisheni walikuwa na mawazo yao kabla hajafika, na Kabete ilifunza watu waliofanya kazi nzuri. Lakini tazama mnyororo. Mwanasosholojia mmoja anaandika kwamba watoto wa Weusi wanahitaji jembe kuliko Kilatini, na ana chama, ana wafadhili, ana meli. Mwingine anaandika kinyume, ana takwimu za wadi nzima alizozihesabu kwa miguu, na hana bajeti. Ni yupi aliyefika Kenya? Wazazi wa Gatuzi la Kiambu la leo walijibu kwa njia yao, wakijenga shule zao huru, na mwaka 1939 Githunguri ikafunguliwa chini ya Mbiyu Koinange, ambaye alikuwa amepelekwa Hampton kwenyewe na kurudi na digrii ambazo mpango wa Jones haukumkusudia. Na Oktoba 1945, Manchester, kwenye Kongamano la Pan-Afrika, Du Bois mwenye miaka 77 alikaa ukumbi mmoja na Jomo Kenyatta. Hapo ndipo alipotufikia sisi. Kwa njia ya siasa, maana ile ya chuo ilikuwa imezibwa.

Kuzibwa kwenyewe kuna kisa kimoja ambacho lazima nikisimulie. Mwaka 1931 Mfuko wa Phelps-Stokes uliitisha kikao cha kupanga ensaiklopidia kuhusu watu Weusi. Du Bois, ambaye alikuwa na wazo hilo tangu mwaka 1909, hakualikwa kikao cha kwanza. Kelele zikapigwa, akaalikwa, akafanywa mhariri. Miaka ikapita ya kuandika barua na bajeti. Mwaka 1938 kila kitu kilisubiri uamuzi wa mfadhili mmoja mkubwa, General Education Board. Mwanahistoria Rayford Logan alikuja kusimulia kwamba Du Bois alimwita ofisini siku ya uamuzi. Kwenye meza kulikuwa na chupa ya shampeni kwenye barafu. Wakakaa, wakangoja simu. Haikulia.

Miaka sita baadaye, 1944, chuo cha Atlanta kilichokuwa kimemrudisha kuongoza idara ya sosholojia kilimstaafisha bila kumuuliza.

Nyuma ya kisa cha mtu mmoja kuna safu yetu ya fursa, na hiyo ilibadilika polepole sana. Mwaka 1948 jumuiya ilimchagua E. Franklin Frazier, mtu Mweusi wa kwanza kuwa rais wake. Frazier huyo alikuwa amelazimika kuondoka Atlanta mwaka 1927 baada ya kuandika makala iliyosema chuki ya rangi inafanana na ugonjwa wa akili; Wazungu wa mji walipoisoma, hakukuwa na usalama tena. Mwaka 1952 akaja Dorothy Swaine Thomas, mwanamke wa kwanza. Wa pili, Mirra Komarovsky, alisubiri hadi mwaka 1973. Katikati, mwaka 1959, jumuiya ikabadilisha jina ikawa Chama cha Sosholojia cha Marekani, ASA. Kifupi cha jina la zamani kwa Kiingereza kilikuwa ASS, yaani punda, na si punda tu. Ilichukua miaka 54 kwa wataalamu wa jamii kuligundua hilo.

Kilichofungua milango hasa ni ugomvi wa mwaka 1968 na ule wa 1969. Boston, 1968: wanasosholojia Weusi wakaunda kundi lao ndani ya mkutano wa mwaka. Kwenye mkutano huo huo Martin Nicolaus akasimama na kuwaambia wenzake usoni kwamba wanawachungulia maskini na kuwauzia matajiri walichokiona. San Francisco, 1969: Alice Rossi akasoma madai ya wanawake, akionyesha jinsi wanavyojaa kwenye madarasa ya uzamifu na kupotea kabisa kwenye orodha ya maprofesa. Chama cha Wanasosholojia Weusi kikasimama peke yake mwaka 1970, cha wanawake mwaka 1971. Na mwaka 1972 Bunge la Marekani likapanua sheria ya usawa katika ajira hadi ikavifikia vyuo. Barua ya mzee kwa mzee haikufa, lakini sasa ilikuwa na hatari ya kufikishwa mahakamani. Kazi ikaanza kutangazwa.

Januari 1973 ASA ikatoa jarida lake la wanachama, Footnotes, yaani tanbihi, jina ambalo silijui kama ni unyenyekevu au mzaha. Mwaka 1974 wanafunzi wa kwanza wakaingia kwenye mpango wa ufadhili wa uzamifu kwa makabila ya wachache, kwa pesa za taasisi ya serikali ya afya ya akili. Mamia wamepita humo. Pesa za serikali zilipokatika karibu na mwaka 2010, mpango haukufa: wanachama na vyama vidogo walichanga. Hilo nalipenda. Chama ambacho kingeweza kutuma rambirambi kilituma pesa.

Na uzi mmoja ukarudi kwetu. Joyce Ladner, msichana wa Mississippi aliyekuwa mwanaharakati kabla hajawa daktari wa sosholojia, alikuja kufanya utafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya uzamifu wake. Mwaka 1973 alihariri kitabu kilichotangaza kifo cha sosholojia ya Wazungu. Hakukiandikia Dar, ni wazi. Lakini ilikuwa Dar ya Nyerere, mji ambao wakati ule mtu hakuhitaji kueleza kwa nini swali hilo linaulizwa.

Leo safu ya fursa iko wazi kwa kila mwenye intaneti, na uwazi huo una masharti yake. Jumuiya ya kimataifa ya sosholojia, iliyoanzishwa mwaka 1949, huzigawa nchi katika makundi matatu, A, B na C, ada zikipungua kwa kadiri ya umaskini wa nchi. Ni haki kiasi hicho. Lakini kongamano lake la dunia lilifika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2006, Durban, na punguzo la ada halikulipii tikiti ya ndege wala halikusimamii kwenye foleni ya viza. Rafiki yangu ameshawahi kukubaliwa kuwasilisha makala mahali fulani Ulaya. Aliipaka kijani kwenye jedwali. Baadaye, bila kusema kitu, akaipaka manjano.

Mwaka 2006 pia wanachama wa ASA walipiga kura kuipa jina la W.E.B. Du Bois tuzo yao ya juu ya kazi ya maisha. Haikuwa zawadi ya uongozi. Wanachama ndio waliosukuma ombi. Mwaka 2015 Aldon Morris akachapisha The Scholar Denied, akipanga ushahidi kwamba shule ya kwanza ya sosholojia ya kisayansi Marekani ilikuwa Atlanta, na kwamba ilifichwa na watu wenye majina. Watu walibishana, na bado. Morris mwenyewe akawa rais wa chama mwaka 2021.

Na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kile cha Wadi ya Saba, kilikutana mwaka 2012 na kumteua Du Bois kuwa profesa wa heshima mstaafu. Ilikuwa miaka 116 tangu wampe cheo cha msaidizi, na miaka 49 tangu azikwe Accra. Jina lake sasa limo kwenye orodha ya wafanyakazi wa zamani. Mwaka ule angetimiza miaka 144, na mshahara haukutajwa.